Vina vinavyokataa kulala

Muulize mwanafunzi wa kidato cha nne kuhusu umbo la shairi, atakujibu mbio mbio: mishororo minne, mizani 16, vina vya kati na vya mwisho, basi. Alama anapata. Lakini vina hivyo vinafanya kazi gani? Hapo kimya.

Hebu tulipeleke swali hilo kwa John Keats, katika soneti yake ya 1819, ‘To Sleep’. Nafsineni anausihi Usingizi umfumbe macho. Mishororo ni 14, mizani 10 kila mmoja, na kwa kawaida mkazo huangukia silabi ya pili, ya nne, hivyo hivyo hadi ya kumi.

Mishororo minane ya kwanza imetulia. Vina vinapishana: a b a b, c d c d. Aliyezoea soneti za Shakespeare sasa anangoja vina vipya. Wapi! Mshororo wa tisa unarudi kwenye b, wa kumi kwenye c. Na inasema nini mishororo hiyo miwili? Kwamba asipookolewa, mchana uliokwisha utarudi kumulika mto wake na kumzalia huzuni. Vina vya zamani vinarejea palepale mchana unaporejea. Sikio nalo linakosa usingizi.

Najua wapo watakaosema urari umeharibika, ati hili ni guni. Mimi sikubali. Kina kilichohama kwa sababu ni bora kuliko kilichokaa kwa mazoea, na mashairi ya mazoea tunayo tele.

Mizani pia ina lake. Neno ‘hushed’ kwa kawaida lina silabi moja; Keats analitamka kwa mbili katika mshororo wa mwisho. Washairi wetu huiita mazda. Wengi huitumia kuziba pengo la mizani tu, ila hapa inapunguza mwendo pale panapotakiwa utulivu. Kabla ya hapo, mishororo ya 11 na 13 inaanza kwa silabi nzito, na yote miwili ni maombi: niokoe, geuza ufunguo. Mtu anayeomba kwa dhati hangoji zamu ya mkazo.

Shakespeare angefunga kwa mishororo miwili yenye kina kimoja. Mwaka huohuo Keats alimwandikia kakake George, aliyekuwa Marekani, kwamba mwisho wa namna hiyo haupendezi sana. Hapa anamalizia kwa e f e f. Anaomba afungiwe roho kama kasha, na mlango wa shairi anauacha wazi kidogo.