Vitabu vya Utotoni Vilivyoadimika: Vipi Vifufuliwe, na kwa Nini?

Wazazi wa makamo wanapokutana, iwe arusini, matangani au nje ya kanisa baada ya ibada, hayachelewi kutajwa majina ya watu ambao hawakupata kuishi: Bulicheka na mkewe Lizabeta, mtoto Kalumekenge aliyekataa shule, na yule sungura aliyeyakosa matunda akasingizia kuwa ni mabichi. Wote walitoka katika vitabu vya kusomea vya shule za msingi za Tanzania vya miaka ya 1970 na 1980. Wazee wao nao hutaja Mashimo ya Mfalme Sulemani, Kisiwa chenye Hazina na Uhuru wa Watumwa. Watajaji wanacheka, wanakumbushana, kisha wanaulizana: vitabu vile vimekwenda wapi?

Swali hilo linastahili kujibiwa na wachungaji na wanafunzi wa theolojia, wala lisiachiwe walimu wa lugha peke yao. Mhubiri anaposimama mimbarani hutegemea hazina ya picha ambazo wasikilizaji wake tayari wanazo. Nabii Nathani hakumkabili Daudi kwa hoja za sheria; alimsimulia habari za mwana-kondoo wa maskini. Yothamu aliwaonya watu wa Shekemu kwa hekaya ya miti iliyojitafutia mfalme. Na Martin Luther, alipokuwa katika ngome ya Coburg mwaka 1530, huku mambo mazito ya imani yakijadiliwa Augsburg, alitenga muda wa kuziandika upya kwa Kijerumani baadhi ya hekaya za Esopo, kwa kuwa aliona zinawafaa watoto na watumishi wa nyumbani. Yule sungura wetu na matunda yake ni mjukuu wa Esopo huyo huyo. Basi tusione haya kulizungumza jambo hili katika jarida la theolojia.

Vilikwendaje?

Vitabu hivi havikutoweka kwa sababu moja. Vile vya kwanza vilizaliwa wakati wa ukoloni, hasa baada ya Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki kuundwa mwaka 1930 ili kusanifu Kiswahili. Katibu wake wa kwanza, Frederick Johnson, alikuwa mfasiri hodari. Mashimo ya Mfalme Sulemani alikwisha kuyatoa mwaka 1929, na mwaka huo huo, pamoja na E. W. Brenn, akatoa Kisiwa chenye Hazina. Vitabu vingine vilichapishwa London na Sheldon Press, tawi la shirika la Kianglikana la kueneza elimu ya Kikristo. Utawala ulipokwisha, masoko yake nayo yalikwisha. Vile vya baada ya uhuru vilikuwa mali ya mtaala. Mtaala ulipobadilika, kitabu kilistaafishwa pamoja nao. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kazi ya kuchapisha vitabu vya shule ilianza kutolewa mikononi mwa serikali na kupewa wachapishaji binafsi, na hakuna mfanyabiashara anayepata faida kwa kuchapisha kitabu kisichotahiniwa.

Hata hivyo, kutoweka kwa kitabu si hoja ya kutosha ya kukirudisha. Kumbukumbu ni shahidi mzuri lakini ni hakimu mbaya. Mtu hupenda kitabu cha utotoni kwa sababu alikuwa mtoto alipokisoma. Mashimo ya Mfalme Sulemani ni mfano ulio wazi. Kiswahili cha Johnson kina mwendo na nguvu, na mwanafunzi wa tafsiri angefaidika nacho hata leo. Lakini hadithi ya Haggard ya mwaka 1885 inaiona Afrika kama ghala la almasi linalomngoja mgeni, na Mwafrika, hata anapokuwa mfalme, huhitaji mgeni huyo ili arudi kitini pake. Kisomwe na watu wazima. Sioni sababu ya kumrudishia mtoto wa Mlandege.

Tofauti nacho ni Elisi katika Nchi ya Ajabu, tafsiri ya Bi. Conan-Davies iliyotolewa na Sheldon Press mwaka 1940. Hapo msichana wa Kiingereza wa Lewis Carroll amechorwa kama msichana wa Kiafrika. Mtoto aliyekifungua alijikuta yeye mwenyewe ndiye anayeuliza maswali na kuwabishia wakubwa. Mwaka 2015 Ida Hadjivayanis alitoa tafsiri mpya, Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu. Huo ni ushahidi kwamba kufufua si lazima kuwe kupiga chapa upya maneno yale yale.

Sheria, rehema na uhuru

Katika vilivyosalia nachagua vitatu, kwa kuwa kila kimoja kinagusa fundisho tunalolishughulikia darasani.

Cha kwanza ni kisa cha Kalumekenge. Mtoto amekataa kwenda shule; fimbo inaombwa impige, inakataa; moto unaombwa uichome fimbo, unakataa; maji yanaombwa yauzime moto, nayo yanakataa; na mnyororo unaendelea. Wayahudi wana wimbo wa namna hiyo hiyo, Had Gadya, uliopigwa chapa Prague mwaka 1590, ambao huimbwa katika karamu ya Pasaka. Humo pia mna fimbo, moto na maji. Lakini mnyororo wao unapanda hadi kwa Malaika wa Mauti, na juu yake yupo Mtakatifu anayemshinda malaika huyo. Mnyororo wa Kalumekenge hauna aliye juu. Kinachousukuma ni tishio tupu: kila mmoja hutii kwa kumwogopa anayemfuata. Hiyo ndiyo sheria bila Injili, na watoto waliokariri kisa hicho waliijua vizuri, kwa maana fimbo ya mwalimu ilikuwa pale pale ukutani. Kisa kirudi, kwa kuwa kinachekesha na kinafundisha lugha. Ila mwalimu wa shule ya Jumapili asikisimulie bila kuuliza swali moja: je, ilikuwaje hakuna hata mmoja aliyemwuliza Kalumekenge kwa nini hataki?

Cha pili ni Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1952. Kimepigwa chapa mara kadhaa, lakini hakimo tena mikononi mwa watoto kama zamani. Adili, liwali wa Janibu, anaonekana kila usiku akiwapiga manyani wawili mjeledi huku machozi yakimtoka. Manyani hao ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, waliomtupa baharini kwa kijicho. Jini Huria aliyemwokoa ndiye aliyewageuza na kumwamuru awaadhibu. Msomaji wa Biblia atamkumbuka Yusufu mara moja. Lakini Yusufu alikuwa na uwezo wa kusamehe mwenyewe, na Adili amefungwa na amri. Anapiga asichopenda kupiga. Ni nadra kupata picha ya namna hii ya mwenye haki anayeteswa na adhabu anayoitoa.

Ubora wa Shaaban Robert unaonekana zaidi tunapolinganisha na asili yake. Mgongo wa hadithi umetoka katika Alfu Lela Ulela, na humo ndugu waovu hurudia uovu wao na kuishia katika kifo. Shaaban Robert aliikataa hatima hiyo. Mfalme Rai anaingilia kati kuwaombea, adhabu inaondolewa, na nduguze wanarudi kuwa watu na kutubu. Mwandishi alikuwa Mwislamu wa Tanga, wala si kazi yetu kumbatiza baada ya kufa. Tumsikilize tu kama jirani aliyeona kwamba kisasi, hata kikiwa cha haki, hakimrudishi mtu katika utu wake. Mwombezi ndiye anayemrudisha. Mchungaji anayesuluhisha ugomvi wa urithi baina ya ndugu wa tumbo moja atapata hapa msaada mkubwa kuliko katika vitabu vingi vya ushauri.

Cha tatu, na kigumu kuliko vyote, ni Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, cha mwaka 1934. Mbotela alikuwa mzao wa watumwa waliokombolewa na kupewa makao Freretown, kijiji kilichoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana karibu na Mombasa katika miaka ya 1870. Aliandika aliyoyapokea kwa wazee wake, na kwa hiyo kitabu chake ni kati ya sauti chache za Kiswahili zinazotoka upande wa waliouzwa. Hilo pekee latosha kukiokoa.

Lakini ndani yake uhuru hushuka kutoka merikebuni, mkononi mwa Mwingereza, na kazi ya aliyekombolewa ni kushukuru. Lawama yote huwekwa juu ya Mwarabu. Kikirudi bila utangulizi, kitawafundisha watoto wetu kuwachukia majirani zao Waislamu na kulisifu kanisa kuliko linavyostahili. Utangulizi huo useme kwamba mwaka 1776 Mfaransa Morice, mtu wa taifa la Kikristo, alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa 1000 kila mwaka. Useme pia kwamba soko la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, lakini huku bara utumwa haukukomeshwa kisheria hadi mwaka 1922, baada ya miaka mingi ya utawala wa Wajerumani ambamo misheni zetu zilifanya kazi. Sisi tunaofundisha maandiko ya Luther juu ya uhuru wa Mkristo hatuna budi kueleza tofauti baina ya aliyepewa uhuru na bwana mpya na aliyewekwa huru kweli.

La kufanya

Nashauri mambo matatu. Kwanza, vyuo vyetu vikusanye nakala zilizosalia kabla mchwa hawajazimaliza. Wanafunzi wanaokwenda mafunzo ya sharikani waulize katika makabati ya wazee, na kila kitabu kiandikwe mwaka na mchapishaji. Pili, mitambo ya uchapaji ya makanisa, ambayo kwa miaka mingi imetoa nyimbo na katekisimu, itenge sehemu kwa vitabu vya watoto, kwa kuheshimu haki za waandishi na warithi wao. Tatu, kila kitabu kitakachorudishwa kiwe na utangulizi wa mtu aliyekisoma kwa jicho la utu uzima.

Mtoto aliyekua bila hadithi huletwa kipaimara akijua majibu ya katekisimu bila picha ya kuyabebea. Tukimwambia kwamba Kristo ni mwombezi, atalikariri neno. Aliyemsoma Adili akilia huku mjeledi ukiwa mkononi atakuwa tayari anajua kwa nini mwombezi anahitajika.