Ufundi wa Kuusoma Mkono

Kuufuatilia mkono kwa kamera ni kazi ngumu. Uso una macho na mdomo, na kompyuta huvitambua upesi. Mkono hauna alama kama hizo: unakunjwa, unageuzwa, kidole kimoja kinajificha nyuma ya kingine. Kwa hiyo nawapa heko mafundi waliofanikiwa kuifundisha mashine kuusoma.

Itazame MediaPipe Hands, programu iliyotolewa na Google mwaka 2019. Haianzi na vidole. Hutafuta kwanza kiganja, kwa kuwa kiganja hakibadiliki sana umbo hata vidole vikicheza. Kikishapatikana, ndipo inapoweka nukta 21: moja kwenye kifundo cha mkono na nne kwa kila kidole, kutoka shinani hadi nchani. Picha inayofuata ikiingia, haitafuti upya; hukisia mkono ulipo kutokana na pale ulipokuwa, na hurudia kutafuta kiganja pale tu inapoupoteza. Busara hiyo ndiyo inayoiwezesha kufanya kazi kwenye simu. Na nyuma yake wapo watu walioketi wakatia nukta kwenye picha za mikono zipatazo 30,000.

Ufundi huonekana hata katika tendo dogo la kubana kidole gumba na cha shahada. Fundi mchanga hupima umbali kati ya ncha mbili na kuridhika, mpaka mtu arudi nyuma hatua kadhaa: mkono unaonekana mdogo, umbali unapungua, na kompyuta inadai vidole vimegusana. Fundi aliyekomaa huugawa umbali huo kwa urefu wa kiganja chenyewe. Mkono unajipima kwa mkono.

Lakini mashine ikitakiwa kusoma lugha ya alama, vidole peke yake havitoshi. Katika Lugha ya Alama ya Marekani, kiganja kilichotandazwa, gumba likigusa paji la uso, ni baba. Gumba hilohilo likigusa kidevu, ni mama. Asiyefuatilia bega, kiwiko na uso hawezi kuwatenganisha wazazi hao wawili.

Basi anayetaka kuifanya kazi hii kwa Lugha ya Alama ya Tanzania au ya Kenya aanze kwa kuketi na Viziwi, kabla hajanunua kamera. Wao ndio wenye lugha, na wao ndio wa kuamua kama mashine imesoma sawasawa.