Harusi ya Kalimoni Ipangwe Kuanzia Machweo

Harusi nyingi za Jumamosi upande wa Kalimoni, Juja na Thika huanza kulegea mahali pamoja: kati ya misa na chakula. Ibada imekwisha saa sita, maharusi wameondoka na mpiga picha kutafuta bustani nzuri, na wageni wameketi hemani wakitazama sufuria zilizofunikwa. Maharusi hurejea saa tisa, wamechoka na hawajala, tena picha walizopigwa ni za jua la utosini. Wageni wamekosa raha, na maharusi wamekosa picha. Chanzo ni kimoja: ratiba imepangwa kuanzia asubuhi kwenda mbele, ilhali ilifaa ipangwe kuanzia machweo kurudi nyuma.

Sababu iko angani. Saa za Afrika Mashariki hufuata longitudo ya digrii 45 mashariki, nasi huku tuko karibu na digrii 37. Kila digrii ni dakika 4, kwa hiyo jua letu hufika kileleni karibu saa sita na nusu mchana, wakati ambapo umati unatoka kanisani. Kwa kuwa tuko digrii moja tu kusini mwa ikweta, jua hilo huwa juu sana mwaka mzima. Paji la uso hung'aa, macho yakazama kivulini. Gauni jeupe nalo huihadaa kamera: ikiachwa ijipimie mwanga, huupunguza, na uso wa bibi harusi hutoka mweusi tii usioonyesha tabasamu. Mpiga picha hodari hupima mwanga usoni, wala si kwenye gauni.

Jioni mambo hubadilika upesi. Jua huzama karibu saa kumi na mbili na robo mwanzoni mwa Novemba, na karibu saa kumi na mbili na dakika 45 katikati ya Februari. Hushuka karibu wima, na baada ya kuzama mwangaza unaofaa hubaki dakika 20 hivi. Saa ya mwisho kabla ya machweo ndiyo yenye mwanga laini wa dhahabu, na anayeichelewa hana pa kuifidia.

Basi tupange siku kwa kurudi nyuma, tuchukulie machweo ni saa kumi na mbili na nusu. Picha za maharusi wawili ziwe saa kumi na moja na nusu, kwa dakika 40, wakiandamana na wasimamizi wao tu huku DJ akiwachezesha wageni. Ili hilo liwezekane, shughuli za hadhara ziwe zimekwisha saa kumi na moja: chakula saa saba na nusu, maharusi wakila pamoja na wageni wao, kisha keki, hotuba na zawadi. Misa ya saa nne huacha nafasi ya kutosha, mradi hotuba zisitambae. Kamati imteue mtu mmoja mwenye heshima pande zote mbili, awe na ruhusa ya kumwashiria MC kwamba muda umekwisha.

Picha za jamaa zipigwe palepale kanisani, mara tu baada ya misa, kwenye kivuli cha jengo au cha mti mkubwa. Kivuli cha majani machache hakifai, kwa sababu hutia madoa ya mwanga nyusoni. Andikeni orodha ya makundi mapema. Makundi 12, kila moja dakika 3, ni dakika 36. Kila upande utoe shangazi au mjomba anayezijua sura zote, aite majina mpiga picha akiendelea na kazi. Wazee watangulie, wasisimame juani wakisubiri vijana.

Mahali pa karamu napo pachaguliwe kwa kuzingatia muda wa picha. Blue Post ya Thika, hoteli iliyoanza mwaka wa 1908 kati ya mito Chania na Thika, ina maporomoko ya maji na miti mahali pamoja. Ukifanyia karamu huko, mandhari ya picha iko hatua chache kutoka mezani. Ukifanyia Juja kisha ukaenda Thika kwa picha tu, umejitwisha safari mbili kwenye barabara kuu, na dereva wa msafara akipitwa na njia ya kutokea hulazimika kwenda mbali kabla ya kugeuka. Bustani ya kawaida iliyo karibu ni bora kuliko mandhari ya kifahari inayokula saa mbili za siku yenu.

Hema nalo liwe jeupe. Hema la zambarau au la buluu hupaka nyuso rangi yake, na kuisafisha baadaye ni kazi ngumu. Meza kuu ielekee kaskazini au kusini, ili jua la alasiri lisiwachome maharusi machoni.

Majira nayo yana neno. Julai na Agosti huku ni baridi na mawingu, na mawingu hulainisha mwanga hata saa saba mchana. Miezi hiyo msisubiri dhahabu ya jioni ambayo huenda isije. Pigeni picha mapema, mcheze ngoma bila haraka. Kuanzia Machi hadi Mei, na tena Oktoba hadi Desemba, tengeni mahali penye paa na mwanga wa kutosha iwapo mvua itanyesha.

Asubuhi isibanwe. Wanawake wa kwa bibi harusi wanapofunga lango na kuwadai wageni wa bwana harusi nyimbo na pesa kabla ya kufungua, hapo ndipo vicheko vya kweli vilipo. Tengeni nusu saa nzima, na mpiga picha awe na msaidizi ili mmoja asimame ndani na mwingine nje. Atakayetaka kurusha droni ahakikishe ina idhini ya mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA.

Ratiba hiyo iandikwe kwenye ukurasa mmoja, nakala zipewe padri, mpishi, madereva, MC na mpiga picha wiki moja kabla. Harusi yenye saa zilizopangwa vema huwapa maharusi nafasi ya kukaa na watu wao, na uso wa mtu aliyeshiba, aliyecheka na asiyekimbizwa hauhitaji kuelekezwa jinsi ya kutabasamu.