Yai Ndilo Kipimo

Kitabu cha mapishi kikisema "mayai manne", kinamsemesha mtu mwenye trei ya mayai ya kisasa, ukubwa mmoja na rangi moja. Bukoba mambo hayako hivyo. Chini ya migomba ya kibanja, yaani shamba la nyumbani, iwe Rwamishenye au Nshamba kule Muleba, utakuta kuku wa kienyeji wakichakura pamoja na machotara, bata wawili watatu, pengine na kanga wenye kelele zao. Yai la kuku wa kienyeji lina gramu 40 hivi, la kisasa 55 hadi 60, la bata hufika 70 na kupita. La kanga linakaribia la kienyeji. La kware halizidi sana gramu 10. Anayefuata kitabu neno kwa neno na mayai ya namna hii leo atapata uji, kesho tofali.

Mama mmoja ninayependa kumtazama akioka hayahesabu mayai. Anayapima. Ana mizani ya zamani ya dukani, ile ya sahani mbili. Upande mmoja anapanga mayai na maganda yake, upande wa pili anamimina sukari mpaka sahani zilingane. Anaitoa sukari, anaweka unga mpaka zilingane tena, kisha siagi vivyo hivyo. Mayai hayaguswi, yamekaa palepale yakiamua kila kitu. Hivi ndivyo Waingereza walivyopima keki yao iitwayo Victoria, kwa jina la malkia yuleyule ambaye Speke alilibandikia ziwa letu jina lake mwaka 1858. Mama habari za malkia hazimhusu. Alifundishwa na shangazi yake, na keki inatoka.

Ila kwa kanga mizani inadanganya kidogo, na hapo ndipo utamjua fundi. Gamba la yai la kanga ni nene na zito kuliko la kuku, hivyo anaongeza yai moja juu ya kipimo. Kulipasua nako ni kazi. Analigonga ukingoni mwa kikombe, linalia tu. Analigonga kwa mgongo wa kisu, mara moja, kwa nguvu iliyopimwa, na ufa unazunguka kiunoni. Ndani ute ni mchache na kiini kimejaa. Kwangu mimi hakuna yai linalolishinda kwa keki laini, lakini kanga hutaga zaidi majira ya mvua, tena hujificha kwenye majani. Ukikuta kiota chake usikikombe chote. Acha mayai mawili matatu ili arudi.

Kila yai linavunjwa kwanza kwenye kikombe chake peke yake, linanuswa, ndipo linaingia bakulini. Kabla ya hapo limeshapita kwenye maji: jipya hulala chini, la siku nyingi husimama au huelea, kwa sababu hewa imeongezeka ndani ya gamba. Kwa mayai ya bata kuna mtihani mwingine, nao ni wa maneno. Kijana wa jirani akija na mayai kwenye kikapu, mama anamuuliza kabla ya bei.

"Bata wenu mnawapa nini, mwanangu?"

"Wanatembea tu, mama. Jioni tunawapa pumba."

"Na dagaa?"

Kijana anaangalia pembeni. Dagaa wa ziwani, wengine wakitoka visiwa vya Muleba kama Bumbire na Goziba, huishia pia kwenye chakula cha mifugo, na wakizidi, yai hubeba harufu ya samaki. Kwenye chapati za mayai utavumilia, kwenye keki huwezi. Mayai hayo bado anayanunua, maana hamrudishi mtoto wa jirani mikono mitupu, lakini yanaenda kuchemshwa.

Bata aliyekula majani na pumba anatoa yai la kuheshimiwa. Kiini chake ni kikubwa na kina mafuta zaidi ya cha kuku, keki inakuwa nzito kwa utamu na inakaa siku kadhaa bila kukauka. Tatizo ni ute. Unanata na unachelewa kuumuka, hata mchapo uende kasi gani. Mama anakamulia matone ya limau, anapiga, anabadilisha mkono, anapiga tena. Mkaa uko tayari nje na hana haraka nao.

Tanuri lake ni sufuria kubwa yenye mchanga chini, na ndani yake sufuria ndogo ya keki. Makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko, maana sehemu ya chini huungua upesi kuliko ya juu kuiva. Keki yenye mayai ya bata anaipunguzia moto na kuiongezea muda.

Kinachonifurahisha katika keki hii ni kwamba karibu yote ni ya mkoa wetu wa Kagera. Sukari imetoka kiwandani Missenyi. Vanila ni ya shamba la mkulima wa hapahapa, ua lake likiwa limechavushwa kwa mkono asubuhi moja tu linapochanua, na tunda likingojewa miezi tisa hivi. Mama anaipasua kwa wembe, anakwangua mbegu nyeusi kama vumbi la mkaa, na haizidishi. Ngano ndiyo mgeni.

Wateja hupenda keki iwe ya njano, wakidhani njano ndiyo ukienyeji. Rangi hiyo inatokana na majani na mahindi ya njano aliyokula ndege, haina habari na ladha. Mama hawabishii. Wale waliokuja na mayai ya kware wakati ule wa homa ya kware, kila yai likisifiwa kuwa dawa, aliwaambia walete matano kwa kila moja la kuku, wakaacha kuja.

Kwa keki ya harusi au ya kipaimara, ile ya ngazi tatu, anaweka pembeni kanga na bata wote na kununua trei za kisasa sokoni. Ngazi zote lazima ziumuke sawa na kuiva kwa muda mmoja, na mayai ya kibanja hayajawahi kukubaliana jambo hilo. "Hii ni ya kutazamwa, waitu," anasema akipanga trei. "Ile ya kula njoo Jumatano."