Kabla ya Herufi, Sauti

Kiswahili, watu husema, ni chepesi kusoma: irabu tano, kila moja na sauti yake ileile popote iendapo. Ni kweli, na pengine ndiyo maana mwalimu wa darasa la kwanza hudharauliwa. Mwenye darasa la saba na mitihani yake ndiye mwalimu. Huyu wa kwanza huonekana mlezi aliyeshika chaki.

Mtazame akifundisha b. Ubao ni mtupu. Anauliza tu: bata, bibi, baba, mwanzoni mnasikia nini? Watoto wanabana midomo na kuiachia, wengine mate yakiruka. Herufi inaandikwa baadaye, sauti yake ikiwa tayari imo vinywani. Wala haiitwi “bii”. Aliyezoeshwa “bii” na “a” atahangaika na bii-a-bii-a, na baba hatampata.

Kisha ba, be, bi, bo, bu. Darasa zima likiimba, mgeni hufurahi. Fundi hafurahi upesi, maana wapo wanaoimba huku macho yako dirishani. Anavuruga safu: kijiti kinagusa bo, kinarudi ba, kinarukia bu. Ghafla wale wenye sauti kubwa wananyamaza. Hawagombezi, ameshajua kesho aanze na nani.

Huo wepesi wa Kiswahili nao una mitego yake. Katika mama, m inaegemea a. Katika mtu inasimama peke yake na ni silabi kamili. Ngoma na ng’ombe zinatenganishwa na kialama kidogo kama chawa, na mwalimu hutamka maneno hayo mawili polepole, tena na tena, mpaka g ya ngoma isikike ikipasuka.

Tangu 2015 mtaala wa Tanzania umeyapa madarasa mawili ya mwanzo jukumu la KKK: kusoma, kuandika, kuhesabu. Jukumu hilo ni zito zaidi vijijini Usukumani, ambako mtoto aweza kufika shule na Kisukuma peke yake. Atasoma kikombe bila kosa, na kisimwambie kitu. Basi mwalimu huja na kikombe.

Akitaka kujua nani anasoma na nani anakariri, huandika neno lisilokuwepo, tuseme bomipu. Waliokariri wanamtazama usoni wakitafuta msaada. Anayesoma analisoma, anakunja uso, kisha anauliza: “Mwalimu, bomipu ni mnyama gani?”