Kituo: Ushairi Wetu na Kioo Kisicho na Mwisho

Katika istilahi za ushairi wetu, mshororo wa mwisho wa ubeti huitwa kituo. Katika lugha ya wasafiri, kituo ni mahali pa kutulia mzigo. Maana zote mbili zimezaliwa na kitenzi kimoja, kutua, na udugu wao si wa sadfa. Makala haya yanakusudia kulitumia neno hilo kukipima chombo ambacho leo kimebeba sehemu kubwa ya mashairi tunayosomeana, yaani simu ya mkononi. Swali langu ni moja: je, chombo hiki kinampa msomaji mahali pa kutua?

Njia kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo kuelekea maziwa ilikuwa na kituo chake kikubwa Tabora, katika nchi ya Unyanyembe. Hapo mizigo ilishushwa na kuhesabiwa, wapagazi wakalipwa au wakaandikwa upya, na njia zikagawanyika: moja kwenda Ujiji, nyingine kwenda Karagwe na Buganda. Anayesoma maisha ya Tippu Tip, aliyoyaeleza mwenyewe kwa Kiswahili na yakachapishwa pamoja na tafsiri ya Kijerumani mwanzoni mwa karne ya 20, ataona kwamba masimulizi yale yamejengwa kwa vituo. Tulifika, tukakaa siku kadhaa, tukaondoka: huo ndio mwendo wa nathari yake. Msomaji hachoki, kwa kuwa kila kambi inampa nafasi ya kuyapanga aliyokwisha kuyasikia kabla ya kupokea mengine.

Nje kidogo ya mji huohuo wa Tabora ipo Kipalapala, ambako Seminari Kuu ya Mtakatifu Paulo imekuwa ikiwalea mapadre tangu miaka ya 1920. Msomaji wa pwani aweza kuuliza seminari ina jambo gani na vina na mizani. Jibu limo katika kitabu cha sala. Zaburi zinazosaliwa kwa kupokezana katika nyumba za namna hiyo huchapwa zikiwa na alama ya nyota katikati ya kila aya. Upande mmoja wa kanisa hutamka nusu ya kwanza, hunyamaza kidogo penye nyota, humalizia. Kisha upande wa pili hupokea. Nyota ile haina sauti wala haiongezi maana, ila inawashika watu wengi katika pumzi moja. Tukiiongeza kengele inayogawa siku na utepe unaohifadhi ukurasa, tunapata mfumo kamili wa vyombo vilivyobuniwa kuulinda usikivu wa mtu. Hakuna hata kimoja kinachotumia umeme.

Sisi wa visiwani tunavyo vya kwetu. Msahafu una alama za waqfu: mimu ndogo humwamuru msomaji asimame, lamu-alifu humkataza, na jimu humruhusu, akitaka asimame, asipotaka aendelee. Katika miswada ya tenzi zetu iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, manakili waliweka alama ndogo baina ya kipande na kipande, mara nyingine kwa wino mwekundu, ili jicho lijue kina kiko wapi hata kabla ulimi haujafika. Na katika shairi la tarbia, mizani nane za ukwapi na mizani nane za utao zinatenganishwa na pumzi ambayo kazi yake ni ileile ya nyota ya Kipalapala. Kumbe ushairi wetu wenyewe ni chombo cha usikivu. Vina vinamwambia msikilizaji angoje nini, mizani zinamwambia atangoja kwa muda gani, na kituo kinamwambia kwamba amefika.

Sasa tuitazame simu. Nitunge mshororo mmoja kwa ajili ya mfano huu: "Mwenye safari ajuwe, njiani pana vituo." Mizani nane, kisha nane. Katika karatasi umekaa wima kama mlingoti. Uandike katika simu yenye kioo chembamba, utakatwa baada ya "njiani", na "pana vituo" itashuka chini peke yake kama yatima. Kina cha kati kimepoteza kiti chake, na cha mwisho kinaonekana kama mwanzo wa jambo jingine. Kukata kule hakukufanywa na mtunzi wala na mhariri, bali na kipimo cha kioo, ambacho hakijui kipande ni nini. Kijana anayejifunza ushairi kwa kioo hicho pekee atadhani kwamba mshororo ni mstari wowote uliofika ukingoni. Baadhi ya tungo tunazoletewa siku hizi, zenye vina vya mwisho lakini zisizo na pumzi katikati, nazisoma kwa shaka hiyo.

La pili ni zito zaidi. Mwaka 2006 mbunifu wa programu Aza Raskin alibuni ukurasa usiokwisha, ule ambao kila ukiusukuma kwa kidole unapandisha mengine bila kikomo. Baadaye alijuta hadharani. Utaratibu huo umeng'oa kituo. Ubeti wa mwisho wa shairi hauachi tena ukimya nyuma yake, kwani papo hapo chini yake imekwisha kutokea picha ya harusi, tangazo la sabuni, au ugomvi wa watu usiowajua. Shairi lililotungwa ili lisikike baada ya kwisha kwake linanyimwa baada.

Kampuni zenyewe zimekiri tatizo kwa vitendo. Mwaka 2018 Apple na Google zilitoa vipimo vya kumwonyesha mtu saa alizotumia na kufunga programu baada ya muda aliouweka, na mwaka 2021 Apple ikaongeza hali ya kunyamazisha simu kwa mujibu wa shughuli. Haya ni mema, lakini ni bawabu wa mlangoni; ndani ya nyumba hayajapanga kitu. Ukiyapima kwa alama za waqfu, yanajua mimu na lamu-alifu tu, kuamuru na kukataza. Yamekosa jimu: ile ruhusa ya upole inayomwambia msomaji kwamba hapa, ukipenda, ni mahali pema pa kusimama.

Na jimu ndiyo yenye heshima. Tusiipambe njia ya Tabora kwa maneno matamu: ilipita pia minyororo ya watumwa, ambao walitua na kuinuka kwa amri ya mwingine. Kengele nayo yaweza kuwa ya mlezi au ya msimamizi wa mfungwa. Kituo anachowekewa mtu kwa nguvu hakimfundishi kusikiliza, bali kinamfundisha kungojea mlango ufunguliwe.

Basi wanaobuni programu za kusomea Kiswahili wana kazi iliyo wazi. Mshororo usipoenea katika kioo, ukatwe penye kipande, si popote. Idadi ya beti itajwe mwanzoni, ili msomaji ajue safari ina urefu gani. Kila ubeti upewe uwanja wake. Baada ya kituo cha mwisho pabaki peupe, na jingine lije kwa kuombwa. Hakuna katika haya linalohitaji elimu mpya, kwani manakili wa tenzi waliyatimiza kwa kalamu ya mwanzi. Nasi watunzi, kabla ya kulaumu vioo, tuirudishe pumzi ya kati katika mishororo yetu, maana ubeti usiojua kutua hauwezi kumtuliza anayeusoma.