Vifuko vya ujana: panya kaongezewa siku, mzee wa Ololosokwan je?

Ukiperuzi simu siku hizi, hukosi kukutana na tangazo la "eksosomu": seramu ya uso, sindano ya magoti, tiba ya kurudisha ujana. Neno lenyewe ni la kisayansi kweli. Madai ndiyo yanayohitaji kuchujwa, basi tuyachuje pamoja.

Seli zako hutoa vifuko vidogo mno vyenye ngozi ya mafuta, vingi vikiwa na upana wa nanomita 30 hadi 150, na ndani vimebeba protini na RNA. Kwa miaka mingi vilidhaniwa ni takataka za seli. Mwaka 2007 timu ya Jan Lötvall, Sweden, ilionyesha kwamba RNA hiyo huweza kufanya kazi ndani ya seli inayoipokea. Kumbe ni vifurushi, na vina mpokeaji.

Kwenye uzee, matokeo yanavutia. Mwaka 2019 kundi la Shin-ichiro Imai, Marekani, liliwadunga panya jike wazee vifuko kutoka kwa panya wenye umri mdogo, nao wakaishi zaidi. Mwaka 2024 watafiti wa China waliripoti kwamba vifuko vya damu changa vilipandisha umri wa kati wa panya dume kutoka siku 840 hadi 1,031. Si jambo dogo hilo.

Ila panya wa maabara ni wa ukoo mmoja, wanakula chakula kimoja, wanalala chumba safi. Sasa mfikirie mzee wa Ololosokwan, kule Ngorongoro karibu na mpaka wa Kenya. Amechunga ng'ombe maisha yake yote, huenda amepitia malaria na homa za mifugo kama brusela. Ukimuuliza umri, pengine atakutajia rika lake la kimila, si mwaka wa kuzaliwa. Utafiti unaolinganisha vifuko na miaka utaanzia wapi kwake?

Halafu kuna suala la vifaa. Damu ya utafiti huu inatakiwa ichakatwe mapema kwenye sentrifuji, kisha vifuko kwa kawaida vihifadhiwe kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri. UNESCO na Samsung walipeleka Ololosokwan kituo cha afya kinachotumia umeme wa jua, na ni hatua nzuri, lakini friza ya namna hiyo ni habari nyingine. Matokeo yake, kipimo cha "kuzeeka vizuri" kitatungwa kwa damu ya watu wanaoishi jirani na maabara, kisha tuambiwe ni cha binadamu wote. Huo ndio udhaifu ninaoulalamikia zaidi.

Wauzaji wao hawasubiri. Desemba 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari baada ya wagonjwa kadhaa jimboni Nebraska kudhurika vibaya kwa bidhaa zilizodaiwa kuwa na eksosomu. Ikasema wazi: hakuna bidhaa ya aina hiyo iliyoidhinishwa.

Sisi tunalijua somo hili. Mwaka 2011, wilaya hiyohiyo ya Ngorongoro, maelfu walipanga foleni Samunge kunywa kikombe cha Babu, marehemu Ambilikile Mwasapile, kwa shilingi 500. Iliripotiwa kuwa wapo walioacha dawa zao za hospitali. Tofauti ni kwamba kikombe kilikuwa cha bei ya chini na hakikujiita maabara.

Kwa hiyo ukiletewa eksosomu, uliza: zimetoka seli za nani? Zimejaribiwa kwa watu wangapi, wenye maisha kama yangu? Nani amezisajili? Akianza kukuonyesha picha za "kabla na baada", funga pochi. Mpeleke mzee wako akapimwe presha na sukari. Hivyo vina ushahidi, na dawa zake zipo.